CD yako ni nzima: The Sonics walirekodi hivyohivyo

Msomaji wetu wa Mwanza ameuliza: "Kaka yangu anaishi Tacoma, Marekani. Amenitumia CD ya bendi ya huko ya miaka ya sitini iitwayo The Sonics, mkusanyiko wa nyimbo zao uliopewa jina Psycho-Sonic. Nimeisikiliza kwenye redio ya nyumbani, nikaijaribu na kwenye gari, hali ni ileile: gitaa linakwaruza, dramu zinapasuka, na mwimbaji akipaza sauti kidogo tu, inachanika. Je, nimeletewa kopi mbovu? Na kama kuna toleo lililosafishwa vizuri, ni lipi ninunue? Nimeona mengi mtandaoni hadi nimechanganyikiwa."

Ndugu yangu, CD yako haina tatizo. Mkwaruzo unaousikia umo kwenye kanda tangu siku iliporekodiwa, na waliouweka humo ni wanabendi wenyewe, wakijua wanachofanya. Nalisema hili mapema kwa sababu swali lako la pili, la kutafuta toleo lililosafishwa, linaweza kukutoa pesa ukanunue CD mbaya kuliko hiyo uliyo nayo. Kwa bendi ya aina hii, anayesafisha kupita kiasi ndiye anayeharibu.

The Sonics walitoka hukohuko Tacoma anakoishi kaka yako, mji wa bandari na viwanda kusini mwa Seattle, katika jimbo la Washington. Bendi ilianzishwa mwaka 1960 na mpiga gitaa Larry Parypa, akiwa bado kijana mdogo, ila kikosi unachokisikia kilikamilika miaka michache baadaye: Larry kwenye gitaa, ndugu yake Andy kwenye besi, Rob Lind kwenye saksafoni, Bob Bennett kwenye dramu, na Gerry Roslie kwenye kinanda, ambaye ndiye pia mwenye hiyo sauti inayochanika. Jirani na mji wao kuna kambi ya jeshi la anga ya McChord, na Seattle ndiko Boeing walikokuwa wakiunda ndege zao. Jina la bendi lilitokana na ule mshindo wa ndege inayovuka kasi ya sauti.

Ili uelewe kwa nini walipiga kwa ukali vile, lazima ujue walipigia wapi. Eneo lile la kaskazini-magharibi mwa Marekani lilikuwa na kumbi za dansi za vijana, maarufu kuliko zote ukiwa ukumbi wa Spanish Castle, kando ya barabara kuu kati ya Seattle na Tacoma. Vijana walikuja kucheza, na bendi iliyoshindwa kuujaza ukumbi kwa sauti haikuitwa tena. Muziki wenyewe ulikuwa ule wa Wamarekani weusi, nyimbo za kina Little Richard na Ray Charles, ukipigwa na vijana wa Kizungu waliozisikia redioni na kwenye santuri. Kila bendi ya huko ilikuwa na wimbo mmoja wa lazima, "Louie Louie", alioutunga Richard Berry wa Los Angeles na kuutoa mwaka 1957. The Wailers wa Tacoma (si wale wa Jamaika) waliutoa na mwimbaji wao Rockin' Robin Roberts mwaka 1961. Mwaka 1963 The Kingsmen wa Portland wakaurekodi nao, na hao ndio walioupeleka nchi nzima, hadi FBI wakauchunguza kwa madai kwamba maneno yake ni machafu.

The Wailers ni muhimu kwenye hadithi yetu kwa sababu walichoka kungoja kampuni kubwa, wakaanzisha lebo yao wenyewe, yaani kampuni ya kutoa rekodi, Etiquette. Buck Ormsby, mpiga besi wao, ndiye aliyewachukua The Sonics. Wanamuziki wakarekodiwa na wanamuziki wenzao. Hakukuwa na bosi wa ghorofani wa kuuliza kwa nini sindano ya kipimo cha sauti imelala kwenye nyekundu. Mwishoni mwa 1964 ikatoka santuri yao ya kwanza ndogo, "The Witch".

Huo wimbo naomba uusikilize tena leo, kwa makini, maana majibu mengi ya swali lako yamo humo. Gitaa, besi na saksafoni vinapiga mstari uleule mmoja, mzito, wa chini, kwa pamoja kama chombo kimoja. Saksafoni hapa haiimbi wala haipambi. Imefungwa kwenye mstari wa gitaa, na ndiyo inayoupa ule unene ambao gitaa peke yake lisingeufikia. Kisha vyombo vinakata, Bennett anajibu kwa mkong'oto wa dramu, na Roslie anaingia kumwonya kijana mwenzake kuhusu msichana mgeni mjini. Wakati bendi nyingi za redioni zilikuwa zikiimba kuhusu kushikana mikono, hawa waliimba mchawi, kichaa, shetani. Katika "Strychnine" mwimbaji anasema wengine wanapenda maji, wengine mvinyo, yeye anapenda ladha ya sumu ya panya. Nyimbo za namna hii huwezi kuzipiga kwa sauti iliyopigwa pasi.

Sasa tuingie studio.

Santuri yao ndefu ya kwanza, Here Are the Sonics, ya mwaka 1965, ilirekodiwa kwenye studio ya Kearney Barton huko Seattle, kwa mashine ya kanda ya njia mbili tu. Njia mbili maana yake hakuna nafasi ya kurekodi kila chombo peke yake halafu ukakaa baadaye kurekebisha. Watu wanapiga kwa pamoja chumbani, sauti za vyombo zinaingiliana, na kilichoingia kimeingia. Aliyekulia na nyimbo za bendi zetu zilizorekodiwa Radio Tanzania anaujua utaratibu huu: mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Dramu zote za Bennett zilichukuliwa na maikrofoni moja. Siku hizi fundi anaweza kuweka nane au kumi. Hiyo moja ilibeba besi dramu, sneya na matoazi kwa mkupuo, pamoja na mlio wa chumba chenyewe, na kwa kuwa Bennett alikuwa anapiga kwa nguvu zake zote, kila pigo lilikuwa linasukuma vifaa hadi mwisho wa uwezo wao. Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, aliyelelewa jimbo hilohilo la Washington, aliwahi kusema kwenye mahojiano kwamba huo ndio mlio wa dramu alioupenda kuliko yote aliyowahi kusikia.

Kuhusu magitaa, Larry Parypa mwenyewe ameeleza bila kificho: rekodi zetu zinasikika zimekwaruza kwa sababu zimekwaruza kweli. Andy alikuwa hatulii na amplifaya, akizifungulia kupita kipimo, na wakati mwingine alitoboa spika kwa ile sindano nene ya kuvunjia barafu. Karatasi ya spika iliyotobolewa haitetemeki sawasawa; inatoa mlio wa kuchanika hata kwenye sauti ya kawaida. Baadaye, walipokuwa wanarekodi albamu yao ya pili, Boom, kwenye studio moja ya Tacoma iliyozoea wapigaji wa kantri, walibandua vitu vya kufyonza sauti kutoka ukutani ili chumba kirudishe mwangwi. Mtu anayebandua ukuta wa studio ya watu ana sauti fulani kichwani anayoitafuta.

Nieleze kidogo mkwaruzo huu unatokeaje, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wa kusafisha rekodi wanapokosea. Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka. Amplifaya ikisukumwa zaidi ya uwezo wake, haiwezi kulifuata wimbi hadi kileleni, kwa hiyo kilele kinakatwa. Pale kilele kilipokatwa huzaliwa sauti nyingine za juu, ambazo hakuna kidole kilichozipiga. Hizo ndizo sikio lako linaziita mkwaruzo. Kanda ya sumaku nayo hufanya jambo la karibu na hilo, ila kwa upole zaidi: ikijazwa sauti kuliko inavyoweza kubeba, inakandamiza vilele taratibu na kuvinenepesha. Katika The Sonics yote mawili yapo, moja juu ya jingine.

Sasa chukua rekodi hiyo, iweke kwenye programu ya kompyuta ya kuondoa kelele. Programu inatafuta sauti za juu zisizo na mpangilio wa noti, izipunguze. Mvumo wa kanda uko huko juu. Mchakarisho wa santuri iliyochakaa uko huko. Na meno ya gitaa la Larry yako hukohuko. Mashine haina namna ya kujua kipi ni uchafu wa miaka na kipi ni jasho la mpigaji, kwa hiyo inakata vyote. Unabaki na wimbo laini, uliozibwa, matoazi yakilia kana kwamba yamefunikwa blanketi, na Roslie anapiga ukelele ambao haufiki popote. Mimi kazi yangu ni kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye mashine za kisasa, na nasema kwa moyo wote: afadhali mvumo kidogo ubaki kuliko kuua wimbo.

Hata bendi yenyewe iliwahi kutoa ushahidi wa hili bila kukusudia. Walipoondoka Etiquette walihamia lebo ya Jerden ya Seattle, wakapelekwa Hollywood kurekodi Gold Star, studio iliyokuwa na jina kubwa kwa kazi za mtayarishaji Phil Spector, chini ya fundi Larry Levine. Vifaa bora kuliko vyote walivyowahi kuviona, fundi bingwa, chumba maarufu. Ikatoka Introducing the Sonics, safi na yenye adabu, na wanabendi wenyewe hawakuipenda. Ukiisikiliza baada ya Boom utadhani ni watu wengine. Ninaitaja pia kwa sababu nyimbo za kipindi hicho zimerudi sokoni kwenye mikusanyiko mbalimbali, na mnunuzi asiyejua anaweza kudhani ameipata The Sonics anayosifiwa. Kabla ya kulipa, angalia nyuma ya CD: imeandikwa Etiquette au Jerden? Unayoitaka wewe ni Etiquette.

Kuna mtego mwingine, mbaya zaidi, wa nyimbo zilizorekodiwa upya. Bendi nyingi za miaka ya sitini hazikumiliki kanda zao za asili. Miaka ilipopita, mwimbaji mmoja au wawili walirudi studio na wapigaji wapya, wakarudia nyimbo zilezile, zikauzwa chini ya jina lilelile. Kwa upande wa The Sonics, mwaka 1980 ilitoka Sinderella, ambayo ni Roslie na wapigaji wengine wakizirudia nyimbo za zamani. Si wizi, yeye ndiye mtunzi wa kadhaa kati ya hizo na ana haki nazo, lakini hutamsikia Bennett humo, wala saksafoni ya Lind. Kwa bendi nyingine hali ni ngumu kuliko hiyo. Question Mark and the Mysterians wa Michigan waliongoza chati za Marekani Oktoba 1966 kwa "96 Tears", halafu kampuni yao ikaanguka na kanda zikaishia kwa mmiliki mpya aliyezifungia miaka na miaka. Ilibidi kungoja hadi 2005 ndipo rekodi za asili zikatoka kwenye CD rasmi. Katikati hapo bendi ilikuwa imeirudia albamu yake mwaka 1997. Kwa hiyo mtu aliyenunua CD ya "96 Tears" mwishoni mwa miaka ya tisini, kwa nia njema kabisa, kuna uwezekano mkubwa anasikiliza marudio.

Uliyotumiwa na kaka yako si marudio. Psycho-Sonic ilitolewa mwaka 1993 na Big Beat, lebo iliyo chini ya Ace Records ya London, kampuni ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kutoa upya rekodi za zamani kwa kufuata njia halali na kutafuta kanda. Humo umepata kazi yao ya Etiquette karibu yote. Kaka yako amechagua vizuri.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe, hapo nyumbani, kama kinachokwaruza ni rekodi au ni vifaa vyako. Punguza sauti ya redio hadi iwe ya kunong'ona. Mkwaruzo ukibaki palepale, umo kwenye rekodi. Ukipotea, spika zako au amplifaya yako imeelemewa, na hilo ni tatizo lako la kushughulikia. Zima pia ile swichi ya kuongeza besi, hasa kwenye gari. Rekodi hizi tayari zimejaa hadi ukingoni. Ukiziongezea besi, redio inaongeza mkwaruzo wake juu ya ule wa Larry, na huo wa redio hauna faida yoyote.

Ukitaka kukagua toleo lolote jingine kabla ya kununua, sikiliza sekunde ya mwanzo kabla noti ya kwanza haijapigwa. Ukisikia pumzi nyembamba ya kanda, ni dalili njema. Ukikuta kimya cha kaburi, kisha muziki unalipuka, na mwishoni mlio wa mwisho unakatwa ghafla badala ya kufifia, ujue kuna mtu kaweka kizibo cha kelele. Sikiliza pia kama kuna mchakarisho unaojirudia kwa kipimo kilekile. Santuri ndefu huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kwa hiyo mchakarisho wake hurudi kila baada ya sekunde 1.8, santuri ndogo huzunguka mara 45, hivyo mchakarisho hurudi kila baada ya sekunde 1.3 hivi. Ukiusikia mdundo huo, CD ilinakiliwa kutoka kwenye santuri ya mtu, si kwenye kanda. Wakati mwingine hakuna njia nyingine, kanda zimepotea au zimeoza, na kampuni mwaminifu huandika hivyo kwenye kijitabu. Isiyoandika, na isiyotaja hata jina la lebo ya asili, iache dukani.

Jambo la mwisho la kukagua linahitaji kompyuta. Fungua wimbo kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti, utazame umbo lake. Rekodi iliyoheshimiwa ina vilima na mabonde, hata hii ya The Sonics iliyobanwa. Ukiona tofali moja refu lililonyooka juu na chini, fundi wa toleo jipya ameipandisha sauti ili ishindane na nyimbo za leo, na ule mshindo wa Bennett baada ya vyombo kukata katika "The Witch" haurukii tena, kwa sababu kila kitu kiko juu tayari. Na ukipewa hiari kati ya mono (sauti ileile kwa spika zote) na sterio (kila spika na sauti yake) kwa bendi za gereji za wakati ule, yaani bendi za vijana wa mtaani kama hawa, chukua mono. Kampuni kadhaa za miaka ya sitini zilitengeneza sterio ya uongo kwa kuipasua mono, sauti za juu zikaenda spika hii na za chini spika ile. Kwa muziki unaotegemea vyombo vyote vipige kama ngumi moja, huo ni uharibifu.

Sasa ununue nini? Kwa nyimbo zenyewe, hakuna haraka; unazo. Kama unapenda kuzisikia jinsi zilivyotoka, albamu moja moja, lebo ya Norton ya New York imezitoa upya Here Are the Sonics na Boom, na ya kwanza imeongezewa "Keep A-Knockin'", ambao ndio ulikuwa upande wa pili wa santuri ya kwanza kabla nafasi yake haijachukuliwa na "Psycho", pamoja na nyimbo zao za Krismasi za 1965. Norton ilianzishwa na Billy Miller na Miriam Linna, wapenzi wa muziki huu kwelikweli. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipoipiga New York, maji yaliingia kwenye ghala lao kule Red Hook, Brooklyn, na watu wengi walijitokeza kwa hiari kuosha na kukausha santuri moja baada ya nyingine. Pesa yako ikienda kwa watu kama hao, mimi naona imeenda mahali pake.

Usidhani pia kwamba sauti hii ilipendwa na kila mtu tangu mwanzo. Mwaka 1972 Lenny Kaye alipokusanya Nuggets, santuri mbili zilizowafundisha watu kuzithamini bendi za gereji, The Sonics hawakuwemo. Wenyewe walikuwa wametawanyika. Rob Lind alikwenda kuwa rubani wa ndege za kivita wakati wa vita vya Vietnam. Waliowarudisha ni vijana wa kizazi kilichofuata. The Cramps waliipiga "Strychnine" kwenye albamu yao ya kwanza mwaka 1980, The Black Keys wakaichukua "Have Love Will Travel" mwaka 2003, wimbo ambao nao asili yake ni yuleyule Richard Berry. Nuggets ilipopanuliwa mwaka 1998 kuwa sanduku la CD nne lenye nyimbo 118, The Sonics waliingizwa. Sanduku hilo ukilipata kwa bei ya kuvumilika, lichukue, litakuonyesha majirani zao wote.

Ikibaki akiba, agiza This Is the Sonics ya mwaka 2015. Larry, Roslie na Lind, wazee tayari, waliingia studio na wapigaji wapya wa besi na dramu, fundi akiwa Jim Diamond wa Detroit, na wakarekodi kwa mono. Iweke mara tu baada ya Boom, kwa sauti ileile, bila kugusa kitufe chochote.